Maoni Niliyompa Mama Brayo

Zamani niliipenda harufu ya maranda yaliyolowa kuliko harufu ya chapati. Siku hizi fundi akianza kuranda mbao karibu na ninapoishi, hapa Kawangware, mimi hufunga dirisha. Ilikuwa ndiyo harufu ya kibanda cha video cha Odush, kule mtaa wa mabanda wa Sarang'ombe, ambako sakafu ilimwagiwa maranda kutoka kwa seremala jirani ili yanywe tope la miguu yetu. Kuta zilikuwa za mabati, madirisha yalizibwa kwa magunia, na viti vilikuwa mabenchi yaliyotuchana sketi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, likizo ya Agosti, na manyunyu hayakuisha wiki nzima. Mama zetu walikuwa wamekwenda kufua nguo za watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, nasi watoto tulijazana kwa Odush kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pakavu. Odush alikuwa mwenye kibanda na pia mkalimani wetu. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akafunika maneno ya waigizaji kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna aliyejua alichotafsiri na alichobuni.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Filamu ikiisha, alifunga mlango na kusema hakuna kutoka mpaka watu watatu watoe maoni. Uliinuka, ukasimama juu ya benchi, ukasema umeonaje, na aliyepigiwa makofi mengi zaidi aliingia bure kesho yake. Watu wazima walijiandaa kwa maneno makubwa, lakini mimi niliwashinda mara kwa mara, maana ulimi wangu haukuwa na breki. Nilijua kusema jambo moja fupi la kuchekesha na kunyamaza. Sifa zile zilinilevya, nakiri. Nyumbani nilikuwa mtoto wa nne kati ya sita na hakuna aliyeniuliza maoni yangu kuhusu chochote.

Filamu iliyotawala likizo ile ilikuwa ya wezi wawili waliotaka kumteka nyara mtoto wa tajiri. Waliingia nyumbani kwake na gunia, wakajikwaa kwenye sufuria, wakabeba mtu aliyejifunika blanketi, na walipofika mafichoni wakakuta wamemteka fundi cherehani mfupi mwenye ndevu. Yule fundi alikula chakula chao chote, akaimba kwa sauti mbaya, akakataa kuondoka. Mwishowe walimbeba mgongoni wakamrudisha kwake na kumwomba msamaha. Odush aliwapa wale wezi majina ya vijana wa mtaa wetu na kuwafanya wazungumze kama sisi, hadi wakawa kama jamaa zetu. Tuliitazama mara tatu. Kila mara maoni yalikuwa yale yale, kwamba hawa hata kuku hawawezi kuiba, na kila mara tulicheka upya.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Brayo, mwanamke mpole kutoka mkoa wa Magharibi, ambaye hakuwa na mtu Nairobi ila mwanawe wa miaka minne. Siku tuliyoitazama mara ya tatu nilikuwa kwenye foleni mlangoni kwa Odush nilipomwona Brayo akipita, ameshikwa mkono na mwanamke mwenye sweta jeupe na mwavuli. Alikuwa anatafuna biskuti. Aliniita, "Atis!" akanipungia ile biskuti, nami nikampungia mkono. Wakashika njia ya kwenda mtaa wa Ayany. Mwanamke yule alikuwa msafi sana, na kwetu mtu msafi namna ile alikuwa wa Highrise, mwajiri wa mama fulani, mtu wa kuleta nguo kuukuu na mkate. Mtoto wetu kushikwa mkono na mtu kama huyo ilikuwa bahati. Nilimwonea wivu kidogo kwa ile biskuti, nikaingia ndani kwa sababu filamu ilikuwa inaanza.

Tulikuwa kwenye maoni Mama Brayo alipousukuma mlango, mikono yake bado na povu la sabuni lililokauka. Alisema alimwachia jirani mmoja mtoto, jirani akasinzia, na sasa mtoto haonekani. Odush alizima kipaza sauti. "Nani amemwona Brayo?" Mama Brayo aliuliza, kisha akasema anataka kwenda kituo cha polisi, na kama kuna wa kumsindikiza. Mmoja wa nyuma akasema, "Labda ametekwa kama fundi," na kicheko kikapita chini chini. Sidhani walikuwa wabaya. Walikuwa wamecheka saa mbili nzima na vicheko havikuwa vimewaisha. Hapo nikapanda juu ya benchi bila kuitwa. "Mama Brayo, usijali," nikasema. "Hao majamaa ni mafala. Brayo anakula sana na analia vibaya. Watachoka naye, kesho watamrudisha wenyewe." Makofi yalitikisa mabati. Hata Mama Brayo alitabasamu, akakaa kwenye benchi kama aliyetuliwa mzigo. Wanaume wakasema ni kweli, watoto hupotea na kurudi, tupekue mitaro na vichochoro kwanza, kituoni tutaenda asubuhi. Kumbe asubuhi ilikuwa mbali mno.

Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga, lakini mimi nilitazama na sikuona. Asubuhi askari walipouliza kama kuna aliyemwona Brayo na mwanamume yeyote, nilijibu hapana, na nilikuwa nasema kweli. Mtekaji nyara niliyemjua mimi alikuwa mwanamume mwenye gunia, anayejikwaa kwenye sufuria. Siku ya pili, nikiosha vyombo, ndipo nilipoliona tena lile sweta jeupe kichwani mwangu, na sahani ikaniponyoka. Nilijua pale pale. Nilijua pia kwamba nikisema, wataniuliza kwa nini sikusema pale kwenye benchi, nikashangiliwa badala yake. Nikanyamaza siku hiyo, na kesho yake, na kila siku iliyonyamaziwa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Brayo hakupatikana. Odush alifunga kibanda mwaka uliofuata, sisi tukahamia Kawangware, na siri ya mtungi ikabaki kwa kata.

Wiki iliyopita binti yangu alinipa simu yake akicheka hadi machozi. Ilikuwa ni ile filamu. Safari hii haikuwa na sauti ya Odush, na chini yake palikuwa na maoni ya watu wasiojuana. "Nimecheka mbavu zinauma." "Watekaji gani hawa, hata kuku hawaibi." Nilisoma mengi sana. Odush alitufungia mlango ili watu watatu waseme; sasa husema maelfu, na bado ni jambo lile lile. Siwalaumu. Nilianza kuandika yangu, kwamba wateka nyara wa kweli hawajikwai, kwamba wananukia sabuni na wana biskuti. Nikayafuta. Siku zile za kibanda tulikuwa tumelowa na tuna njaa, lakini nilikuwa naamini mtu mbaya hujulikana kwa sura na kwamba kila aliyebebwa hurudishwa. Binti yangu haendi dukani peke yake. Ana miaka kumi na mmoja na hajui kwa nini.

Mama Brayo bado anaishi chumba kile kile. Mwenye nyumba amempandishia kodi, majirani wote wamehama, mabati yanavuja, lakini hataki kutoka kwa sababu huo ndio mlango pekee mwanawe anaoujua. Mimi humtembelea Jumamosi na unga na sukari, na kila ninapovuka kizingiti huwa nimeazimia kusema. Jumamosi iliyopita alinimiminia chai, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza hali ya mvua. "Atis, ulisema watachoka naye. Si wamechoka sasa?"

Sweta jeupe lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, pamoja na mwavuli, na njia ya Ayany.

"Bado kidogo, Mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniongezea chai. "Asante," akasema. "Wengine wote walinidanganya. Ni wewe tu uliyesema kweli."