Mikono ya Ng'ambo Juu ya Paa la Kurosaka

Jua halijauvuka mlima, na Mitsue Hoshina yuko juu ya paa tayari. Amekalia ufito mnene uliofungwa kwa kamba, mguu mmoja kaukunja, mwingine unaning'inia. Anazigonga ncha za nyasi kwa kibao mpaka zilale sawasawa.

"Tita jingine!" anapaza sauti. "Au mmelala huko chini?"

"Tunakunywa chai, dada," anajibu mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya majani. "Wewe gonga tu, sisi tunakusifia kutoka huku."

Watu wanaangua kicheko, na tita linarushwa juu.

Aliyejibu ni Bae Deok-su, mkulima wa mpunga kutoka Korea. Amefika na wanakijiji wenzake zaidi ya ishirini. Kila mmoja kajilipia nauli ya kuvuka bahari ili aje kuezeka nyumba isiyo yake, na hakuna anayelipwa hata senti. Huu ni msimu wao wa tatu.

Mitsue, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ndiye fundi pekee wa kuezeka aliyebaki Kurosaka, kijiji cha milimani kaskazini mwa Japani. Kazi alifundishwa na mumewe, Tokuji. Siku Tokuji alipoteleza na kuvunjika nyonga, mkewe aliuchukua mkasi wake wa kusawazishia nyasi akapanda.

"Alinikataza," anasimulia. "Nikamwambia, kama hutaki nipande, haya, panda wewe."

Kazi hiyo humpa riziki theluji isipokuwepo. Kipupwe kikiingia, huteremka bondeni kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni wanaokuja kuoga maji ya moto ya chemchemi.

Nyumba anayoiezeka leo ni ya kijiji kizima. Humo watu huoana, huagwa wakifa, na hucheza ngoma ya mavuno. Miaka mitatu iliyopita theluji ililibonyeza paa lake likapasuka. Zamani kila kaya ingetoa watu wa kuezeka. Sasa vijana wako Tokyo, na waliobaki wana magoti yasiyotaka ngazi. Kikao cha kijiji kikaelekea kukubaliana juu ya mabati.

"Mabati!" anasema Mitsue, na hata leo anakunja uso. "Niliona kama wananivua nguo hadharani."

Mwaka huohuo alikutana na Bae, ambaye naye huezeka kwao, kwenye mkusanyiko wa mafundi wa kuezeka. Bae aliwahi kufanya kazi ya ujenzi Osaka akiwa kijana, kwa hiyo Kijapani anakiongea, tena cha vijiweni. Alimsikiliza Mitsue mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Tuje lini?"

Kwao walimcheka. "Waliniuliza, kwani Japani kumeisha watu?" anasema Bae. "Mama yangu mdogo alikataa hata kunisalimu. Ana yake aliyoyaona Wajapani walipotutawala, wakati wa vita, akiwa mtoto. Sikumlaumu."

Kurosaka nako hakukuwa shwari. Mzee Genzo Sakuma, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu, aliwapita wageni njiani kama anayepita miti. "Paa hili limeezekwa na babu zangu," alimfokea Mitsue. "Leo unatuombea watu, kama tumekufa?"

Kazi ya msimu wa kwanza ikaanza. Siku walipofikia nusu, upande mmoja ukiwa wazi kabisa, redio ikatangaza kimbunga. Walifunika kwa turubai. Kufika adhuhuri, upepo wa mwanzo tu ulikuwa umelichana vipandevipande.

"Nilikaa chini nikalia," Mitsue anakiri. "Maji yakiingia, sakafu imekwenda, na mabati yameshinda."

Bae alimshika bega. "Dada, nitafutie mabua ya mpunga. Marefu. Mengi."

Hapo ndipo pagumu. Wakulima wengi wa Kurosaka huvuna kwa mashine inayokatakata mabua shambani. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa bado anavuna kwa mundu na kuanika mabua yake mazima kwenye fito. Mzee Genzo.

Mitsue akaenda. Alimkuta mlangoni, anatazama mawingu.

"Unataka nini?"

"Mabua yako, mzee. Yote."

"Ya hao wageni?"

"Ya nyumba yetu."

Mzee akavaa buti. "Sasa umesimama nini? Leta toroli! Kimbunga hakikungoji wewe."

Alasiri ile Wakorea walikaa kwenye baraza la nyumba, wakasokota kamba viganjani na kufuma mabua kuwa mikeka mirefu, kama wanavyofanya kwao kila mwaka baada ya mavuno. Genzo alisimama kuwatazama, akashindwa kuvumilia, akaketi kando ya Bae.

"Kamba yako imelegea, babu," Bae alimwambia.

"Nilikuwa nasokota kamba kabla baba yako hajaoa. Nyamaza, fuma!"

Walitandaza mikeka juu ya upande uliokuwa wazi na kuifunga kwa wavu wa kamba. Kimbunga kikapiga usiku kucha. Asubuhi Mitsue aliingia miguu peku, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Sakafu ilikuwa kavu.

"Nilipiga kelele mpaka Tokuji akaja mbio na mkongojo wake, akidhani nimeanguka," anasema. Siku hiyo Genzo alifungua pombe ya mchele aliyokuwa akiificha, na habari za mabati hazijatajwa tena.

Mwaka uliofuata Mitsue alikwenda Korea kulipa fadhila, akapanda mapaa yao. Jioni, yule mama mdogo alikuja polepole, akafunga nyama kwenye jani la mboga, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwao hulishwa hivyo mtu wa nyumbani. "Lilikuwa tonge kubwa, nikashindwa kutafuna kwa machozi," anasema Mitsue.

Leo wanamalizia upande wa mwisho. Mpunga ukishavunwa Korea, watu wa Kurosaka nao watavuka bahari. Mama mdogo ametuma salamu kwamba paa lake asiliguse mtu mpaka Mitsue afike. Genzo, ambaye hajawahi kupanda ndege, amekwisha kupiga picha ya pasipoti.

"Wamenikataza kucheka kwenye picha," analalamika.

"Utacheka ukifika, mzee," anasema Mitsue, na kunyoosha mikono kudaka tita.