Magunia ya Mpunga Darajani

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, tukitoka Kasoli kwenda Bariadi na lori la mpunga. Juu ya magunia tulikaa mimi na baba yangu. Mbele, kando ya dereva, alikuwa mke wangu Kabula, uchungu wa mimba ya kwanza umemshika tangu alfajiri, na mama yangu akimpangusa jasho.

Daraja la chuma unaloliona pembeni ya hili jipya la zege ndilo lililokuwa njia yetu pekee. Wazee walisema vyuma vyake vilianza kazi kwenye reli, vikibeba treni huko mbali, ndipo vikang'olewa na kuletwa kwetu vibebe magari. Sisi ambao treni hatujawahi kuiona tulijivunia sana daraja hilo.

Siku hiyo mto ulikuwa umejaa, maji yanagonga vyuma vya chini. Dereva akasimamisha lori.

"Kwa mzigo huu sipiti," akasema. "Tusubiri maji yapungue."

Nikamsikia Kabula akiugua huko mbele. Baba akasimama, akakamata gunia la kwanza, akalitupa chini kwenye tope. Ule mpunga ulikuwa jasho lake la mwaka mzima, mwanangu.

"Baba, mvua hii itauharibu wote," nikamwambia.

"Mpunga tutalima tena," akajibu, hata hakunitazama. "Kabula tutamlima wapi? Shika huko."

Tukashusha mpaka lori likabaki tupu. Tukavuka polepole, vyuma vikilia chini ya magurudumu, mpaka tukakanyaga udongo wa ng'ambo. Jioni, hospitalini Bariadi, nesi akatoka akitabasamu: mtoto wa kike, na mama yake mzima. Nikakaa sakafuni. Baba akakaa kando yangu, matope hadi mabegani, akauliza kama kuna mahali tunaweza kupata chai.

Mpunga mwingi ulioza. Mwaka ule tulikula michembe, viazi vyetu vile vya kukausha, mpaka tukaichoka, wala sikumsikia baba akiutaja ule mpunga.

Basi nakuambia, mwanangu: ukifika mahali ambapo mzigo na mtu haviwezi kuvuka pamoja, shusha mzigo. Ushushe mapema, kabla mwenye shida hajakuomba, na ukishaushusha usimsimange kwa ulichopoteza. Mungu akupe moyo wa namna hiyo, na wako wote wafike salama waendako.