Sabuni kwenye Mkanda

Shemeji yangu alikuwa na tabia ya kubonyeza. Ukifika kwake na gari, hata salamu hujamaliza, mkono wake umeshaingia chini ya boneti unaminya mipira ya maji, mmoja baada ya mwingine, kama mama mkwe anayechagua nyanya. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bonyeza, na dada yangu, mkewe, akaitwa Mama Bonyeza mpaka akachoka kukasirika.

Kazi yake ilikuwa magari ya zamani, yale ambayo mafundi wengine wakiyaona yanakuja hujifanya wanaongea na simu. Wenye magari hayo aliwahubiria kila siku. Mpira hauzeeki kwa nje, aliwaambia. Ubonyeze injini ikiwa baridi: ukilegea kama mkate uliolowa, toa, ukiwa mgumu na ndani unasikia unakatika-katika, toa, ukivimba karibu na klipu, usiulize hata swali. Mkanda wa injini nao aliugeuza tumbo juu awaonyeshe nyufa.

"Usingoje ukatike," alisema. "Huu ukikatika, pampu ya maji imekufa, chaji imekufa, na wewe uko porini. Miaka minne, mitano, badilisha, hata kama unakuambia bado mzima."

Na gari lake mwenyewe? Kinyozi hajinyoi. Lilikuwa kuukuu, na mkanda wake ulipiga kelele kila asubuhi, kelele ya kutia ganzi meno. Mpya alikuwa nao, unaning'inia kwenye msumari ukutani gereji. Akaja mwalimu mmoja anasafiri na wanawe, mkanda wake umebaki nyuzi. Bonyeza akautoa ule wa msumarini akamfungia. Akatafuta mwingine, huo nao ukaenda kwa mama muuza mboga. Nilimwambia usoni, "Shemeji, unagawa maji na nyumba yako inaungua."

Akacheka. "Mimi nipo na gari langu, shemeji. Likiumwa nalisikia. Wao hawasikii."

Na kweli alikuwa akilisikia. Balaa lilianza dada alipougua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi, mito imepangwa mgongoni. Dirisha la chumba chake lilikuwa linatazama gereji, pale gari linapowashwa. Asubuhi moja akasema, wala si kwa ubaya, "Baba watoto, hiyo kelele inanipasua kichwa."

Kuanzia kesho yake Bonyeza akawa anachukua kipande cha sabuni ya kufulia na kuusugua mkanda kabla ya kuwasha. Mafundi wote wanaujua ujanja huo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatukana wanaoutumia. Sabuni haiponyi mkanda, inauziba mdomo tu. Nilimwona kwa macho yangu, ameinama na kile kipande cha bluu, anasugua taratibu huku akitupia jicho dirishani. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimpenda mkewe kwa mikono, na siku zile mikono haikuwa na kingine cha kumfanyia.

Kisha ikaja asubuhi ambayo dada aliamka midomo imebadilika rangi. Tulimbeba, nikakaa naye kiti cha nyuma, nimemwegemeza kifuani kwangu. Haraka zote zile, Bonyeza alipaka sabuni kwanza. Gari likawaka bila kulia, tukaondoka kwenda hospitali, ng'ambo ya mlima.

"Leo limetulia," dada akasema. Nikaona kwenye kioo jinsi mumewe alivyotabasamu.

Tulikuwa katikati ya mlima taa nyekundu ya chaji ilipowaka. Kitu kilipiga chini ya boneti mara moja, kisha basi. Bonyeza hakuwa na haja ya kufungua, alijua mkanda umekwenda na pampu imesimama. Angezima palepale injini ingepona, lakini nyuma alikuwa na mgonjwa, akakanyaga mafuta. Mshale wa joto ukapanda ukagota. Karibu na kilele mpira wa juu wa rejeta ukapasuka, mvuke ukafunika kioo chote cha mbele, injini ikakwama ikazima.

Akaruka nje. "Shemeji, nipe mtandio wako."

Nikampa. Akauchana, akausokota, akaanza kuufunga badala ya mkanda, maji ya moto yakimbabua viganja. Injini imeshakufa, na yeye anaifungia mkanda wa kitambaa. Nilimpigia kelele aachane na hilo lichuma asimamishe magari ya watu. Hakunisikia. Mimi nilipunga mkono dirishani, mwingine nimemshika dada. Magari yalipita. Moja lilitupigia honi kwa kuziba njia.

Dada aliniuliza jambo, nikamjibu. Haukupita muda, kichwa chake kikawa kizito. Dereva wa lori aliposimama, hakukuwa tena na mgonjwa wa kuwahisha.

Gari lilivutwa mpaka gereji na lipo hadi leo chini ya lile dirisha. Bonyeza bado anafanya kazi. Viganja vimejaa makovu, sidhani kama vinahisi kitu, lakini anabonyeza hivyo hivyo. Akisikia gari linalia barabarani hutoka mbio kulisimamisha, dereva amtukane asimtukane. Mimi nilimchukia, nasema wazi. Chakula nilimpelekea kwa sababu ya marehemu, nikakiweka mlangoni na kugeuka bila salamu.

Juzi nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wake ananisubiri.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa nimeinamia injini. Alisema kitu?"

Nilitaka kunyamaza, nimwache hivyo hivyo. Nikashindwa.

"Aliuliza kama tumefika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumefika."

Aliminya kiganja chake chenye makovu kwa kidole gumba.

"Basi aliamini," akasema. "Gari lilikuwa kimya."