Sufuria la Vibarua

Mlinzi wa lile ghala kuukuu la pamba hapa Buswelu, ambalo sasa tumeligeuza makumbusho ya kata, hufuta vitu vyote kila asubuhi kwa kipande cha khanga. Viganja vyake ni vipana, na kila anachokifuta hukisemesha kwa Kisukuma, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Hukawia zaidi kwenye sufuria kubwa walilokuwa wakipikiwa ugali vibarua wa pamba. Jumamosi moja Teodora, mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, alileta wageni akakuta meza tupu, kibao cha "Usiguse" kimebaki peke yake.

"Mzee, sufuria liko wapi?"

"Liko Kiseke, msibani. Watu ni wengi, vyombo vyao havikutosha."

"Kamati wakisikia watakuondoa."

"Kamati wako huko huko, mama. Wanakula."

Teodora alishusha pumzi, akawapeleka wageni kwenye mizani ya kupimia pamba. Jumatatu sufuria likarudi, limeoshwa haraka haraka, ukoko bado umeganda chini. Mlinzi akalirudisha mezani, akashusha khanga kutoka begani, akainama kulitazama ndani kwa muda. Kisha akauacha ukoko ulivyo, akaenda kufuta mizani.