Bosi Aliyenikuna Kiganja

Nilimwangusha bosi wangu mbele ya wafanyakazi thelathini, wakanipigia makofi.

Yale makofi ndiyo yaliyonipandisha hasira zaidi. Ngojeni niwaeleze.

Naitwa Dama, nasafisha vyumba katika hoteli moja huku Diani. Bosi wetu, Harrison, ana umri wa baba yangu. Kila asubuhi unampa shikamoo na mkono, ndiyo adabu yetu.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia, huku anakukuna kiganja kwa kidole.

Mwanamke gani hajui kuwa hapo anatongozwa? Mwanangu, eti! Miaka miwili nilinyamaza, kwa sababu yeye ndiye anayesema nani abaki kazini na nani aende.

Basi hoteli ikatuletea mwalimu wa kujilinda, Milcah, mama mfupi wa bara asiye na masihara.

"Kwanza kichwa," akasema. "Amua leo ni kitu gani hukubali. Ukingoja siku yenyewe, umechelewa."

Kisha mikono: ukishikwa, chomoa kwa upande wa kidole gumba, ndipo mshiko ulipo dhaifu. Kisha mahali pa kusimama: usikubali kubanwa ukutani.

Mimi kila nikimsukuma mwenzangu nasema, "Samahani."

"Unaomba msamaha wa nini, Dama?" Milcah akafoka. "Huyo adui ni shemeji yako?"

Siku ya mwisho ya mafunzo Harrison akajitolea kuwa mshambuliaji wa zoezi.

"Dama, njoo," akatabasamu, akanyoosha mkono.

Nikampa. Akanikuna. Mbele ya watu wote, mshenzi yule!

Nikachomoa mkono, nikamsukuma kifuani kwa nguvu zangu zote. "NIACHE!" Akaenda chini, puu!

Makofi. Vigelegele. Yeye mwenyewe akainuka akicheka: "Mnaona? Amefuzu!"

Alitaka kuigeuza hasira yangu iwe mchezo.

"Lile halikuwa zoezi," nikasema kwa sauti. "Bwana huyu amenikuna kiganja. Ananifanyia hivyo miaka miwili sasa."

"Hata mimi," akasema Veronicah wa udobi.

"Na mimi," akasema Mercy wa jikoni.

Nilihesabu wanawake kumi na mmoja. Harrison hakucheka tena, na Jumatatu hakuonekana kazini.

Dada zangu, kuuchomoa mkono ni sekunde moja. Kufungua mdomo kulinichukua miaka miwili, na hiyo miaka bado inaniuma.