Ziwa la Bibi, Gulfton

Tulipotoka Kongo kuhamia ughaibuni, mtaa wa Gulfton, mama alikuwa akirudi kutoka kazini ananuka jiki. Alisafisha vyumba hotelini, na harufu ile ilikuwa imeingia hata kwenye nywele zake. Jioni moja, nikiwa na miaka kumi, alirudi na picha iliyoondolewa hoteli ilipokarabatiwa. Ilikuwa picha ya Kijapani, iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga: ziwa limetulia, milima imegeuka buluu, jua limeshazama, na ufukweni nyumba moja ina mwanga wa manjano dirishani. Tuliitundika sebuleni, mbele ya kiti cha bibi, mzaa mama, aliyezaliwa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni kwetu." Tukacheka.

Baada ya mwezi hatukucheka tena. Kila nilipotoka shule nilimkuta amejifunga kitambaa kichwani, mkoba mapajani. "Mama, tuende," aliniambia, maana kwetu Kongo mtoto wa kike huitwa mama. "Wameshawasha taa. Wananingoja." Nilimshika mkono nikamgusisha kioo cha picha. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye nisiyeelewa.

Siku moja nikakuta mlango wazi, bibi hayupo. Mama hakupokea simu. Nilikimbia kutoka jengo hadi jengo, nikampata bibi kituoni, akiwauliza watu kwa Kiswahili basi la ziwani ni lipi. Hakuna aliyemwelewa.

Kliniki, mkalimani hakupatikana, na Kiingereza cha mama kiliishia kwenye mashuka na taulo, kwa hiyo nikatafsiri mimi. Daktari alisema ubongo wa bibi unakufa kidogo kidogo na hakuna dawa ya kuuponya. Nilielewa kila neno. Bibi alikuwa amenishika mkono.

"Anasemaje?" akauliza mama.

"Anasema bibi amechoka. Apumzike."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mama akaiteremsha picha, akidhani ndiyo inayomchosha. Bibi akabaki kuutazama msumari. Alifariki mwaka wa pili, akiwa hajui tena jina langu wala lake.

Leo nawatunza wazee huko Missouri City, mji ulio karibu na Gulfton, na maneno ya daktari yule nawaelezea watoto wao kwa lugha zote mbili, bila kuficha neno. Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, mama bado huniambia kwamba kama angeliacha kazi akampumzisha mama yake vizuri, bibi angelipona. Naendesha gari, namsikiliza. Ni miaka kumi na tano sasa, na sijui nianzie wapi kumwambia.