Mashati ya Marekani, Sare ya Binti Yetu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, Tanga, na sioni haya kusema. Cherehani ndiyo iliyonilea, nami nimelea watoto wanne kwa cherehani hapa Joubert Park, kusini kabisa mwa Afrika, ghorofa ya tano, lifti mbovu tangu tuhamie.

Binti yetu alipoposwa, nilimwahidi mke wangu kwamba wanawake wote wa ukoo watavaa sare, tena kitambaa kipya. Harusi bila sare, kwetu, watu watadhani wamekuja matanga. Niliahidi kwa sababu kazi ilikuwepo: mwanamke mmoja mwenye duka Marekani alikuwa ameagiza mashati arobaini ya shweshwe, kile kitambaa cha pamba cha huku chenye nakshi ndogondogo, ya wanaume wenye miili. Malipo yake ndiyo yangenunua sare.

Mke wangu akasema, "Kata kumi kwanza, baba. Tuone yakifika."

"Unanifundisha kazi?"

Nikatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nikakata yote arobaini siku moja. Mifuko ya kifuani nikaishona kabisa. Fundi hodari, bwana!

Wiki ileile wakubwa wa kule na wakubwa wa huku wakakosana. Nani alimtukana nani sijui. Ninachojua, ushuru ulipanda, na yule mwanamke akapiga simu karibu alie: mashati yakifika kwake hakuna atakayeweza kuyanunua. Basi.

Nikatoka kutafuta hewa, nikatembea mpaka Marshalltown, wanakouza mitumba. Pale nikakuta mashati ya Wamarekani wenyewe, waliyoyachoka, yamemwagwa barabarani marundo kwa marundo. Shati lao kuukuu linaingia kwetu bila hodi. Langu jipya likibisha hodi, mlango unafungwa. Na walioandika mikataba ya biashara hii wamesoma kuliko mimi!

Nikarudi nyumbani, nikaketi. Kitambaa kikishakatwa hakirudi jora.

Mke wangu akaja kwenye meza ya kukatia. Akanyanyua kipande kimoja cha mgongo, akajipima kiunoni. Kikamfunika mbele yote.

"Huu ni mgongo wa mtu mmoja? Wanakula nini hawa? Viwili tukiviunga, sketi."

"Na vya mbele?"

"Blauzi. Si wewe fundi hodari?"

Binti yetu, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kizulu, akaangua kicheko. "Eish, Baba!"

Tukashona sare ishirini. Mifuko tuliiacha, maana kuifumua kungeacha matundu. Siku ya harusi mashangazi wakaingia ukumbini kila mmoja na mfuko kifuani, huyu kaweka simu, huyu peremende. Mke wangu akapiga kigelegele, akatangaza: "Marekani wametuchangia sare!" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao, kichwa chini.

Sare yake mke wangu anaivaa hadi leo. Mfukoni anaweka miwani yangu, ili kila nikitaka kutunga uzi kwenye sindano, nimfuate alipo.